Aliyezungusha Mpaka Saba

Alipokuwa msichana, neno lililomtisha kuliko nyoka lilikuwa moja tu: umeharibu. Lilikuwa neno la shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Uji ukishika chini ya sufuria, umeharibu. Uzi ukikatika kwenye cherehani, umeharibu. Redio ikianza kukoroma, macho yote yalimgeukia yeye, ingawa hakuwa ameigusa. Mgeni akiaga mapema kwa haraka zake mwenyewe, binti aliambiwa ameharibu mazungumzo kwa kupitapita sebuleni. Siku moja mvua ilinyesha juu ya nguo zilizoanikwa. Shangazi akatazama juu, akatazama kamba, kisha akamtazama yeye. "Umeniharibia siku," akasema.

Shangazi hakuwa mtu wa fimbo. Alisema neno hilo polepole, kwa sauti ya chini, halafu akanyamaza mpaka jua lizame. Ule ukimya ndio uliokuwa ukimkausha koo mtoto wa watu.

Sasa shangazi alikuwa amezikwa zamani, na yule msichana alikuwa na miaka hamsini na minne, mjane, mama wa mwana mmoja aliyeoa, na bibi wa mjukuu mmoja wa kike mwenye miezi minne. Alikuwa mtunza chanjo katika zahanati ndogo yenye vyumba vinne. Ufunguo wa chumba cha friji aliuvaa shingoni kwa utepe wa buluu, hakuuvua hata akioga. Kila asubuhi na kila jioni ya siku za kazi alifungua friji, akasoma kipimajoto, akaandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Isiwe chini ya mbili, isizidi nane. Kwa miaka tisa haikuwahi kutoka humo. Watu walimwita Mama Friji, na jina lilimkaa vizuri, maana humo chumbani hapakuwa na kitu alichowahi kuharibu.

Ijumaa moja mchana ilikuja habari kwamba umeme ungekatwa Jumamosi na Jumapili, mafundi wapate kubadilisha nguzo. Joto lilikuwa la kutisha wiki ile. Hata ukuta ulikuwa wa moto ukiuegemea. Mama Friji alisimama mbele ya friji akiwaza. Ndani, upande wa chini, kilikuwepo kidude cha kuzungushia baridi, chenye namba moja mpaka saba, na siku zote kilikaa kwenye tatu. Alijua kilikuwa hakiguswi. Lakini alifikiri kama mama anayemfunika mtoto blanketi la pili: friji ikishiba baridi leo, itakuwa na akiba ya kesho. Akakizungusha mpaka saba. Akafunga, akatikisa mpini kuhakikisha, akaenda nyumbani na moyo mweupe.

Umeme haukukatika. Nguzo hazikuletwa. Friji ilikaa siku mbili na nusu ikinguruma kwenye saba, peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa.

Jumatatu alichelewa. Mjukuu alikuwa amelia tangu alfajiri kwa sababu ya tumbo, na mkamwana wake alikuwa hoi, kwa hiyo Mama Friji alimbeba mtoto akizunguka naye uani mpaka akatulia. Alipofika zahanati saa mbili na nusu, foleni ilikuwa imekwisha kupangwa kwenye mabenchi, na Sista alikuwa kazini. Sista alikuwa muuguzi mkuu wa pale, mwanamke mfupi, miguu imevimba kidogo, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa na ufunguo wa akiba.

"Nimekutolea vichupa vya chanjo mwenyewe," alimwambia bila kuinua kichwa. "Tangu saa moja na nusu. Mtoto mzima?"

"Mzima, Sista. Tumbo tu."

"Tumbo likiwaharibikia wanalia kama wameonewa. Nenda kachukue kitabu."

Mama Friji akaenda chumba cha nyuma. Akafungua friji aandike namba ya asubuhi. Ubaridi uliompiga usoni haukuwa ule aliouzoea. Chini kabisa zilikaa chupa za maji, ambazo huwekwa humo ili baridi itulie. Akaigusa moja. Ilikuwa jiwe. Akaigusa ya pili, nayo jiwe. Akatazama kipimajoto. Mstari mwekundu ulikuwa chini ya sifuri, vistari viwili.

Wengi hudhani chanjo huogopa joto peke yake. Mama Friji alijua zaidi. Walikwisha fundishwa, yeye na Sista, katika semina moja ya siku mbili: zipo chanjo zinazostahimili barafu, na zipo ambazo zikigandishwa mara moja tu zimekwisha. Zikiyeyuka zinaonekana vilevile, kichupa kilekile, rangi ileile ya maziwa ya maji. Unamchoma mtoto, analia, mama anaweka alama kwenye kadi, anaenda nyumbani amepumua. Na mtoto hana kinga yoyote. Amechomwa maji.

Mkono wake ulikirudisha kidude kwenye tatu kabla hajauamuru. Kisha ukachukua kalamu. Karatasi ya mlangoni ilikuwa imejaa namba zake, nne, tano, nne, nne, miaka tisa ya nne na tano. Akasikia, kama mtu amesimama nyuma ya sikio lake, ile sauti ya chini. Umeharibu. Akaandika nne.

Aliporudi chumba cha mbele na kitabu, watoto wanne walikuwa wamekwisha kuchomwa. Mtoto wa tano alikuwa analalishwa kwenye mapaja ya mama yake. Sista alikuwa ameshika sindano juu, akigonga pembeni kwa ukucha.

Sema, alijiambia. Fungua mdomo.

Mdomo ukagoma. Sindano ikaingia. Mtoto akanyamaza kwanza, kama wanavyonyamaza, kisha akapasua kilio.

"Pole, pole, baba," Sista alisema. "Nichukie mimi, mama yako usimchukie. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mama wa mapacha, mwanamke mrefu, mwenye mdomo, ambaye foleni yote ilimjua. Alikuwa na mmoja mgongoni na mmoja mkononi.

"Sista, mimi nina ombi," alisema. "Hawa ukichoma mmoja, mwingine naye analia bure. Basi choma mmoja tu, watagawana nyumbani."

Benchi zima likacheka. Hata Sista alicheka. Mama Friji naye alijaribu, shavu likamtetemeka.

"Mama Friji leo vipi?" mama pacha akamgeukia. "Umeona jini huko kwenye friji lako?"

"Nimelala vibaya."

"Ndiyo matatizo ya kulea mjukuu kwa umri wako. Mwenzio mgongo umeniharibika na ni kijana."

Wakachomwa wote wawili, kulia na kushoto. Mama Friji aliandika majina kwenye kitabu, na kila jina aliloandika lilimkaa kifuani kama punje ya mchanga machoni. Wa nane. Wa tisa. Alijiambia, huenda hazikuganda sana. Alijiambia, huenda chupa za maji zinaganda kabla ya dawa. Wa kumi.

Wa kumi na moja alipotoka, mlangoni akaingia mkamwana wake, na mtoto amefungwa kwenye kanga, amelala, mdomo wazi.

"Shikamoo, Sista. Mama, ametulia, nikaona nimlete hukuhuku akamalize chanjo yake. Kadi hii hapa."

Sista akamgusa mtoto paji la uso kwa kiganja. "Marahaba. Mweke kwenye mizani. Amenenepa huyu, bibi yake anampa nini?"

Alipimwa, akaandikwa. Sista akageuka kuchukua sindano nyingine.

Na hapo mdomo wa Mama Friji, uliokuwa umegoma kwa watoto saba, ukafunguka wenyewe.

"Usimchome," alisema. Kisha, kwa mkamwana wake, haraka haraka: "Mrudishe nyumbani. Alikuwa mgonjwa alfajiri. Utamleta siku nyingine."

"Lakini mama, si ulisema tumbo si neno? Ulisema hata akiharisha anachanjwa."

"Nimesema mrudishe."

Hakuwahi kumsemesha hivyo tangu alipoolewa. Binti wa watu alimtazama, akachukua kadi yake, akamfunga mtoto, akatoka bila kuaga. Sista alibaki na sindano mkononi. Alimtazama Mama Friji kidogo, kisha akaifunika sindano akairudisha kwenye trei.

Mchana ulipita. Watu wa vidonda walikuja, watu wa kikohozi walikuja, mlinzi wa geti alikuja kuomba dawa ya jino kama ilivyo kawaida yake kila Jumatatu. Mama Friji alifagia chumba ambacho kilikuwa kimekwisha kufagiliwa. Alipanga kadi, akazipangua. Kila alipopita karibu na mlango wa chumba cha nyuma alisikia friji ikinguruma, na alijua kesho wangekuja watoto wengine kumi na watano. Boksi lingine lilikuwa humo ndani, nalo lilikaa na barafu siku mbili na nusu.

Lakini kilichomtafuna zaidi hakikuwa kesho. Watoto saba walichomwa yeye akitazama. Wa kwake akamtoa kwenye foleni. Kama angalikuwa hajui, angalimwacha achomwe. Basi alijua. Hakuna namna ya kulizunguka hilo.

Saa tisa, zahanati ikiwa tupu, Sista alimimina chai vikombe viwili kutoka kwenye chupa yake, akamsogezea kimoja. Kilikuwa kile chenye mpini. Chenye mpini uliovunjika alichukua yeye. Siku zote alifanya hivyo, na siku zote Mama Friji aliona.

"Mdogo wangu," Sista alisema. "Mjukuu hakuchomwa."

"Alikuwa na joto, Sista."

"Nilimgusa. Hakuwa na joto."

Friji ikanguruma upande wa pili wa ukuta. Mama Friji alishika kikombe kwa mikono miwili. Aliona vyote vikija: barua kutoka ofisi ya juu, ufunguo ukivuliwa shingoni, mabenchi yakinong'ona. Akaona na uso wa shangazi, ule wa kunyamaza mpaka jua lizame. Alitamani chini pafunguke.

"Nilikizungusha mpaka saba," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Nini?"

"Kidude. Ijumaa. Nilidhani umeme utakatika, nikataka friji ishibe baridi. Imeganda yote, Sista. Chupa za maji ni mawe. Nimeikuta chini ya sifuri. Nimeandika nne." Akavuta pumzi. "Nilipotoka ulikuwa umekwisha wachoma wanne. Saba waliobaki ulichoma mimi nimesimama hapo. Nimeharibu."

Akangoja ukimya. Aliukaza mwili kuupokea, kama mtu anayengoja maji ya baridi.

Sista aliweka kikombe chini. "Hebu tuone," alisema. "Inuka, twende tuone."

Hakulaumu, hakubembeleza. Aliingia chumba cha nyuma, akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani, akaiminya chupa ya maji, akasoma kipimajoto, akasoma karatasi. Akakaa kimya, lakini ulikuwa ukimya wa mtu anayehesabu.

"Asubuhi niliviona vichupa vina ukungu," alisema hatimaye. "Sikuvaa miwani. Kanuni inasema anayefungua asome kipimo kwanza. Sikusoma. Nilisema, Mama Friji anasoma, mimi nisome nini." Akavua miwani. "Unakumbuka ile semina? Ile ya kutikisa?"

Alikumbuka. Kuna njia ya kujua kama kichupa kiliganda. Unachukua kingine cha boksi hilohilo, unakigandisha makusudi usiku kucha, asubuhi unakiyeyusha. Hicho unajua kimekufa. Kisha unavitikisa vyote viwili kwa mkono mmoja, unaviweka mezani pamoja, unangoja nusu saa. Dawa nzima hukaa na weupe wake muda mrefu. Iliyoganda hutuama upesi, vumbi lake linashuka chini kama unga, na juu maji yanabaki maangavu kama kioo.

Sista akachukua kichupa kimoja, akakiandika kwa kalamu ya wino, akakitia kwenye friza ya barafu. Wakatoka. Mama Friji akauvua utepe wa buluu, nywele zikashikwa, akaukwamua, akauweka ufunguo mezani mbele ya Sista.

Sista aliutazama.

"Nani atasoma kipimo jioni?" akauliza. "Mimi? Na miguu hii?" Akachukua begi lake akaenda zake, na ufunguo ukabaki pale mezani. Mama Friji alisimama karibu nao muda mrefu. Saa kumi na mbili akauchukua, akafungua, akasoma, akaandika tatu, ambayo ilikuwa kweli. Ile nne ya asubuhi akaipiga mstari mmoja, namba ionekane chini yake, pembeni akaandika iliyo sahihi na jina lake.

Usiku hakulala, na si lazima kusema mengi juu ya hilo.

Asubuhi mlango wa zahanati ulikuwa umefungwa, na kinamama kumi na tano walikuwa nje wakiuliza kulikoni. Mlinzi wa geti aliwaambia kuna kazi ndani, wavumilie, yeye mwenyewe anavumilia jino. Ndani, Sista alishika vichupa viwili kwenye ngumi moja, akavitikisa mpaka mkono ukamchoka. Akampa Mama Friji avitikise tena. Kisha akaviweka mezani juu ya kitambaa cheusi. Cha kushoto ndicho kilichogandishwa makusudi. Cha kulia ndicho kinachoshukiwa, cha boksi la jana.

Wakakaa. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio mkubwa ambao hawakuwahi kuusikia.

Dakika tano, vyote viwili vyeupe. Mama Friji alikuwa anaomba bila maneno, midomo imekazana. Dakika kumi, cha kushoto kikaanza kupambazuka juu. Alikitazama cha kulia mpaka macho yakamuuma. Kilikuwa cheupe. Kilikuwa bado cheupe. Akaanza kupumua.

"Kingoje," Sista alisema taratibu.

Dakika kumi na tano, juu ya cha kulia ukatokea mstari mwembamba, kama ukingo wa ukucha. Ukashuka. Halafu weupe ulianza kuanguka vipande vipande, vidogo kama chembe za unga, vikilala chini kimoja juu ya kingine. Nusu saa ilipotimia vichupa vilikuwa mapacha. Hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi.

Mama Friji aliweka kichwa mezani. Aliusikia mkono wa Sista mgongoni, mzito, umetulia pale bila kupapasa.

"Sasa tunajua," Sista alisema. "Hawa wa nje warudi Alhamisi, nitaomba boksi jipya. Barua nitaandika mimi, na makosa ni mawili, lako na langu. Watakalosema juu watasema. Wewe chukua kitabu. Kumi na mmoja warudiwe wote, na wanatakiwa wajue leo, wasije wakaaminia kadi."

"Wataniua."

"Wataongea. Twende, tuanze na mwenye mdomo, tukimaliza wa kwake, waliobaki ni mteremko."

Kwa mama wa mapacha palikuwa mtaa wa pili, chumba kimoja chenye pazia mlangoni. Sista alitembea polepole kwa ajili ya miguu, na Mama Friji alitamani atembee polepole zaidi. Njiani walisalimiwa na watu, na kila salamu ilimshtua. Kitabu alikibana kwapani.

Pazia likafunguliwa kabla hawajabisha.

"Heh, wageni wa serikali," mama pacha alisema. Alikuwa na mtoto mmoja begani, mwingine alikuwa anasikika akilia ndani. Kisha akauona uso wa Mama Friji, na utani ukamwisha. "Kuna nini?"

Sista akarudi hatua moja nyuma. Alikuwa amesema njiani kwamba atasaidia, lakini hatasema kwa niaba yake.

"Chanjo ya jana," Mama Friji alianza. Sauti ikakwama, akaianza upya. "Dawa ya jana iliganda kwenye friji. Ikiganda haifanyi kazi. Watoto wako hawana kinga. Haiwadhuru, pengine uvimbe kidogo, lakini hawana kinga, inabidi wachomwe tena Alhamisi." Akaona hajamaliza. "Ni mimi niliyeharibu. Nilizungusha baridi bila kutakiwa. Na nilijua kabla Sista hajawachoma wako. Nilisimama pale, nikaogopa kusema."

Mama pacha alimtazama. Alimtazama muda mrefu sana, kutoka kwenye viatu mpaka kwenye utepe wa buluu. Mtoto aliyekuwa begani alikuwa anamvuta sikio na yeye hakuonekana kusikia.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Nikakuuliza umeona jini. Nikakuuliza kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza."

"Na mjukuu wako? Nilipishana na mkamwana wako getini. Alikuwa amenuna."

Mama Friji aliinamisha kichwa. "Huyo nilimtoa."

Ndani, pacha wa pili akazidisha kilio. Mtaani mtu alikuwa anaburuta meza juu ya saruji. Mama Friji alingoja neno lake, lile la shangazi, na aliona kwamba safari hii angestahili hata likisemwa kwa sauti kubwa.

"Mimi siwezi kukuambia haina neno," mama pacha alisema. "Ina neno. Nitakusema, na bado sijaanza kukusema. Alhamisi nitakusema mbele ya benchi zima." Akavuta pumzi kwa pua. Kilio cha ndani kilikuwa kimefika pale kinapokata pumzi. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Umeanza na mimi?"

"Ndiyo."

Mama pacha akageuza kichwa kuelekea kilio, kisha akamrudia. Akamtoa mtoto begani, akamwegemeza kifuani kwa Mama Friji, ghafla hivyo, kitabu kikaanguka chini.

"Mshike huyu nikamchukue mwenzie," alisema, akiingia ndani. "Na umshike vizuri."

Mama Friji akamshika. Mtoto, ambaye alikuwa mzito na mwenye joto, aliuona utepe wa buluu, akaukamata, akautia mdomoni na ufunguo wake.